Kumpima mama macho kwa simu

Ndugu, umeuliza iwapo simu yako inaweza kumpima macho mama yako mwenye kisukari, ili aepushwe na nauli ya kwenda hospitali. Programu ya Peek Acuity, iliyojaribiwa Nakuru nchini Kenya, huonyesha herufi E inayogeuzwa huku na huku: mama hukaa mita 2 kutoka kwako, jicho moja amelifunika, akaonyesha kwa mkono upande ambako meno ya E yameelekea, nawe ukatelezesha kidole kwenye kioo kuelekea upande huohuo. Hupima uwezo wa kuona tu. Presha ya macho na madhara ya kisukari kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) huanza mgonjwa akiwa bado anaona vizuri, kwa hiyo hata akifaulu, nauli ya uchunguzi wa retina wa kila mwaka usiibane.