Chaji inapitaje ndani ya molekuli moja? Majibu kwa maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanahusu umeme unaopitishwa katika molekuli moja iliyobanwa kati ya ncha mbili za dhahabu. La kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu mengine yanalitegemea.

Shikamoo mwalimu. Tulifundishwa kwamba shaba hupitisha umeme kwa sababu ina elektroni huru. Molekuli moja haina. Sasa chaji inapitaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Marahaba. Umegusa kiini chenyewe. Ndani ya molekuli elektroni hukaa kwenye ngazi za nishati: za chini zimejaa, za juu ni tupu, na katikati pana pengo. Elektroni inayotoka kwenye dhahabu kwa kawaida huwa na nishati inayoangukia ndani ya pengo hilo, kwa hiyo haina ngazi ya kutua. Lakini elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi haliishi ghafla linapofika kwenye molekuli. Linafifia kidogo kidogo. Molekuli ikiwa fupi, sehemu ya wimbi hutokeza upande wa pili, na elektroni huvuka bila kutua popote njiani. Huko ndiko kupenya.

Tofauti yake na waya ni kubwa mno. Waya wa shaba ukiurefusha mara mbili, ukinzani nao huongezeka mara mbili. Katika mnyororo wa alkani, yaani kaboni zilizojaa haidrojeni, kila kaboni unayoongeza hupunguza upitishaji karibu mara tatu. Ongeza kaboni sita, na umeme unaopita unashuka mara mia kadhaa. Pale ambapo elektroni zimetandaa juu ya atomu nyingi, kama katika pete za benzini (kila pete ina kaboni sita) zilizoungana, kushuka huko ni kwa taratibu zaidi, ndiyo maana watafiti wanazipenda.

Mimi ni fundi redio, naunga waya kwa lehemu. Hiyo molekuli inashikwaje? (Mwanza)

Kwa salfa, fundi. Salfa hushikamana vizuri na dhahabu, kwa hiyo wanakemia huweka atomu moja ya salfa kila mwisho wa molekuli. Mwaka 1997 Mark Reed wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake, akiwemo mwanakemia James Tour, walikunja waya mwembamba wa dhahabu hadi ukakatika, wakaacha molekuli za benzini zenye salfa pande mbili ziuzibe mwanya.

Njia iliyoenea zaidi ni ya Bingqian Xu na Nongjian Tao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, ya mwaka 2003. Ncha ya dhahabu inagusishwa kwenye bamba la dhahabu ndani ya kimiminika chenye molekuli, kisha inavutwa polepole. Dhahabu inakonda hadi inabaki atomu moja tu inayounganisha. Hapo ukinzani ni karibu omu 12,900, kiwango kinachotokana na chaji ya elektroni na namba ya Planck (namba ya msingi katika fizikia ya vitu vidogo mno). Dhahabu ikikatika, molekuli huziba pengo na upitishaji hutulia kwenye kiwango cha chini zaidi. Kwa baipiridini, molekuli ya pete mbili zenye nitrojeni, kilikuwa karibu sehemu moja ya mia ya kile cha atomu ya dhahabu. Halafu molekuli inaachia na kazi inaanza upya, maelfu ya mara, kwa sababu kila mshiko hukaa tofauti kidogo. Naomba hili lisipite hivihivi: mshiko ni sehemu ya saketi sawa na molekuli yenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya Ohm haifanyi kazi huko? (Mwalimu wa fizikia, Eldoret)

Kwa molekuli fupi kanuni hiyo, inayohusisha umeme unaopita na volti na ukinzani, haitoshi, mwalimu. Ukiishika benzini kwenye kaboni mbili zinazotazamana, mawimbi yanayopita pande zote mbili za pete yanasaidiana. Ukiishika kwenye kaboni ya kwanza na ya tatu, yanafutana, na upitishaji hushuka sana ingawa umbali umepungua! Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walipima molekuli yenye njia mbili sambamba. Hesabu ya saketi za kawaida inasema zipitishe mara mbili ya njia moja. Zilipitisha zaidi ya hapo.

Hata msokoto una athari. Mwaka 2006 Latha Venkataraman na wenzake walionyesha kwamba pete mbili za benzini zikilala bapa chaji hupita vizuri, na kadiri zinavyosokotwa ndivyo inavyopungua.

Na molekuli ikiwa ndefu? (Morogoro)

Kupenya kunashindwa, na elektroni huanza kuruka: inatua kwenye sehemu moja ya molekuli, inatulia kidogo, inaruka kwenda nyingine, kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Katika nyaya za molekuli zilizopimwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2008, mabadiliko hayo yalionekana karibu na nanomita 4 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Kuanzia hapo ukinzani hupanda polepole zaidi kadiri urefu unavyoongezeka, na joto husaidia, kinyume cha shaba ambayo ikipata joto ukinzani wake huongezeka.

Lini tutapata simu za molekuli? (Mombasa)

Wazo lilitolewa mwaka 1974 na Arieh Aviram na Mark Ratner: molekuli moja ipitishe umeme upande mmoja tu. Maabara zimepiga hatua kubwa, ila kupanga mabilioni ya molekuli, kila moja na mshiko ulio sawa, ni kazi nyingine kabisa. Tahadhari pia inahitajika: mwaka 2002 tume iliyoundwa na Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, ilithibitisha kwamba mtafiti wake Jan Hendrik Schön alighushi data, zikiwemo za transista (swichi ndogo za umeme) za molekuli.

Lakini kama skrini ya simu yako ni ya OLED, yaani inayotoa mwanga kwa molekuli za kaboni, chaji zinaruka kutoka molekuli hadi molekuli unaposoma maneno haya. Elektroni zinatoka upande mmoja, nafasi zilizoachwa na elektroni zinatoka upande wa pili, na zinapokutana mwanga hutoka.