Kabla ya Kuamini Picha ya Rangi: Kwa Anayetaka Kusomea Uzamivu wa Uigaji wa Kompyuta

Mama mwenye nyumba wangu pale Tengeru aliniuliza swali lile lile mara tatu ndani ya mwezi mmoja: "Mwanangu, hiyo kompyuta inahesabu nini usiku kucha mpaka luku inaisha namna hii?" Nikamjibu inahesabu maji. Akacheka sana. Maji ya kuhesabu, akasema, yako kwenye ndoo pale nje.

Ila maji yenyewe anayajua kuliko mimi. Amezaliwa Maji ya Chai, na meno yake yana ule ukahawia ambao sisi wa kandokando ya Mlima Meru tunautambua mtu akicheka tu: floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na visima vya huku vinapita kiwango hicho mara kadhaa. Utafiti wangu ulikuwa wa kuigiza kwenye kompyuta chipu ndogo ya kupima floraidi hiyo. Maji yanaingia kwa mdomo mmoja, kemikali inayobadilika rangi inaingia kwa mdomo mwingine, vinakutana kwenye mfereji wenye upana wa mikromita 100, yaani kama unywele mnene, na rangi inayotoka mwisho inakupa kipimo.

Anayetaka kuanza kazi ya namna hii akiniomba ushauri, ninao mmoja mkubwa: kabla hujawasha programu, chukua kalamu ukokotoe jibu unalolitarajia. Mimi sikufanya hivyo. Ilinila karibu mwaka mzima.

Kwenye kikombe, ukimimina maziwa ndani ya chai na kukoroga mara mbili, kazi imekwisha. Kwenye mfereji mwembamba kama ule, maziwa na chai vingetembea bega kwa bega bila kuchanganyika, kama watu wawili waliogombana wakapanda daladala moja. Namba ya Reynolds, yaani namba inayolinganisha msukumo wa maji na unato wake, ndiyo inayoamua. Kwenye bomba la kawaida maji huanza kuvurugika namba hiyo ikifika kama 2,300. Kwangu, kwa mwendo wa milimita 1 kwa sekunde, ilikuwa 0.1. Hakuna mvurugo hapo. Vimiminika vinachanganyika kwa usambaaji peke yake, molekuli moja moja ikijipenyeza upande wa pili.

Na usambaaji unakokotoleka kwenye karatasi ya kufungia maandazi. Floraidi kwenye maji husambaa kwa takriban mikromita za mraba 1,500 kwa sekunde. Chukua upana wa mfereji, 100, uzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa 1,500. Unapata kama sekunde 7. Kwa mwendo ule, hizo ni milimita 7 za mfereji.

Mimi nilikuwa nimechora mfereji wa zigizaga, nikaugawa kwa gridi, yaani vijisanduku vidogo ambavyo kompyuta inavikokotoa kimoja kimoja, na kompyuta ikaniambia milimita 3 zinatosha. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitengeneza picha nzuri, bluu inayoyeyuka taratibu kuwa nyekundu, nikaipeleka kwenye semina na kueleza kwa kujiamini kabisa jinsi kona zangu zinavyokoroga. Msimamizi wangu alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ukipunguza upana wa vijisanduku vya gridi kwa nusu, jibu linabaki hapo hapo?" Sikuwa nimejaribu.

Nilipojaribu, milimita 3 zikawa zaidi ya 4. Nikapunguza tena, zikazidi 5. Kumbe kilichokuwa kinachanganya si kona zangu bali hesabu yenyewe. Nilikuwa nimetumia kanuni ya daraja la kwanza, yaani njia rahisi ya kukadiria kinachopita kutoka kijisanduku kimoja kwenda kingine, ile ambayo haianguki ovyo na kwa hiyo wanaoanza wote tunaipenda, na kanuni hiyo huzaa usambaaji bandia maji yanapokata vijisanduku mshazari. Ukitaka kuukadiria haraka, zidisha mwendo kwa upana wa kijisanduku, ugawanye kwa 2. Mwendo wangu ulikuwa mikromita 1,000 kwa sekunde na kijisanduku mikromita 5: unapata 2,500. Ulikuwa mkubwa kuliko usambaaji wa floraidi yenyewe! Mfereji ulionyooka haukunionya kwa sababu humo maji yanafuata mistari ya gridi, na jibu lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa hiyo daima fanya gridi tatu, ya vijisanduku vikubwa, vya kati na vidogo, na uhamie mapema kanuni ya daraja la pili, ambayo hukadiria kwa usahihi zaidi. Jua pia gharama yake. Ukipunguza upana wa kijisanduku kwa nusu katika pande zote tatu, idadi inazidi mara 8, na urefu wa kila hatua ya muda nao lazima upungue kwa nusu, kwa hiyo kazi inazidi mara 16. Iliyokuwa inachukua saa 5 inachukua 80. Umeme ukikatika saa ya 79 na hukuamuru programu ihifadhi njiani, utalia kama nilivyolia.

Kuhusu programu, anza na ya bure, OpenFOAM. Leseni niliyoitegemea mwanzoni iliisha katikati ya sura ya tatu, na faili zangu zikabaki pale, nikiziona ila sizifungui.

Zigizaga niliitupa. Nikarudi kwenye wazo ambalo mtafiti Abraham Stroock na wenzake walilionyesha mwaka 2002: vijimfereji vilivyochorwa sakafuni mshazari kama mifupa ya samaki, vinavyoyalazimisha maji kujikunja na kujikunjua hata yakiwa mapole kiasi hicho. Kama ningesoma makala hiyo kabla ya kuchora kona, nisingekuwa na semina ya kukumbuka kwa aibu.

Tafuta pia rafiki wa maabara. Chipu ya kwanza tuliijaribu kwa rangi ya keki na mabomba mawili ya sindano kutoka duka la dawa, na ndani ya dakika moja kiputo cha hewa kikakwama na kuziba kila kitu. Kwenye kompyuta yangu hapakuwahi kuwa na kiputo hata kimoja, kwa sababu sikukiweka.

Na kama umepanga nyumba, zungumza habari ya luku kabla hujahamisha godoro. Mimi na mama tulikubaliana baadaye, baada ya maneno kidogo: mimi theluthi mbili, yeye theluthi moja, na nikisafiri kwenda Moshi nizime mashine.