Maswali na majibu: Kuufungua msimbo wa programu

Niliiandikia SACCO moja ya hapa Jinja programu ya akiba na mikopo, nikalipwa. Ninaweza kuutoa msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu yanayoandikwa na mtaalamu, ili vyama vingine viutumie?

Soma mkataba wako kwanza. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006, kazi iliyoagizwa ni mali ya aliyeiagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Ukikuta mkataba umenyamaza, iombe bodi ya SACCO ridhaa ya maandishi inayotaja leseni mtakayotumia. Jambo jingine, ingawa si la hakimiliki: kagua faili za majaribio, kwani mara nyingi humo husahauliwa namba za simu na salio za wanachama halisi.

Kampuni yetu ya Kampala inataka kuifungua programu yake, lakini ndani yake mna maktaba za msimbo, yaani vipande vilivyoandikwa tayari na wengine, tulizonunua. Je, tukifuta majina ya wenyewe inatosha?

Haitoshi, na kufuta majina hayo ni kosa juu ya kosa. Mlichonunua ni ruhusa ya kutumia, na mara nyingi ruhusa hiyo haihusu kusambaza msimbo. Kampuni ya id Software ilipoutoa msimbo wa mchezo wa Doom mwaka 1997, iliiacha nje sehemu ya sauti kwa kuwa maktaba yake ilikuwa ya mtu mwingine. Na Sun Microsystems, ilipoifungua lugha yake ya programu, Java, miaka ya 2006 na 2007, ilikuta baadhi ya sehemu za michoro, fonti na sauti haina haki ya kuzitoa, hivyo ikabidi mbadala wake uandikwe. Nanyi pitieni faili moja baada ya nyingine, msome tangazo la hakimiliki lililo kwenye mistari ya juu, na kila kisicho chenu mkiondoe, mkieleza waziwazi kipande gani kinakosekana na kilifanya kazi gani. Ni kazi ya kuchosha, lakini ninaisisitiza, kwa sababu msomaji makini anaweza kukiandika upya kipande hicho kihalali.

Tukiuweka msimbo kwenye intaneti bila leseni, si utakuwa wa wote?

La, hakimiliki hubaki palepale. Leseni ya MIT huruhusu karibu kila matumizi mradi tangazo la hakimiliki libaki. Leseni nyingine, GPL, humtaka anayesambaza toleo alilolibadilisha autoe msimbo wake kwa masharti yaleyale.

Ni lazima tuisajili programu kwanza URSB, ofisi ya usajili ya Uganda?

Si lazima. Ulinzi huanza programu inapoandikwa. Usajili hufaa kama ushahidi mzozo ukizuka.