Mita inasoma hasi, kompresa hailali

SWALI: Kiwandani kwetu tumefunga mita za kidijitali zinazotuma data kwenye kompyuta kila dakika 15, tujue umeme unapotelea wapi. Mita ya mashine kubwa inasoma hasi kwenye fezi moja. Ya kompresa ya hewa inaonyesha umeme ukiliwa usiku kucha wakati hakuna kazi. Mita ni mbovu?

JIBU: Ya kwanza ni nzima, ila imefungwa vibaya. CT, yaani ile pete inayozunguka waya, ina mshale, nao lazima uelekee kwenye mashine. Kwenye mota ya fezi tatu, pete moja ikigeuzwa jumla hushuka hadi theluthi ya matumizi halisi, kwa hiyo mkiona matumizi yamepungua, "akiba" hiyo huenda haipo. Hakikisheni pia kila pete imeoanishwa na volti ya fezi yake. Kazi hii ni ya fundi umeme, na umeme uzimwe kwanza: CT ya ampea 5 (inayopeleka hadi ampea 5 kwenye mita) ikifunguliwa nyaya zake wakati mkondo unapita hutoa volti za kuua.

Ya kompresa iaminini. Yaelekea hewa inavuja. Wastani wa dakika 15 unaficha ushahidi, basi punguzeni hadi sekunde 10, kisha usiku mmoja zimeni mashine zote zinazotumia hewa. Mkiona kompresa inasukuma dakika 3 na kupumzika dakika 7, asilimia 30 ya uwezo wake inaishia kwenye matundu. Tundu la milimita 3 tu, kwa shinikizo la baa 7, hupitisha karibu lita 11 kwa sekunde.

Pakeni maji ya sabuni kwenye viungo, mipira ya hewa na vali za kutolea maji. Msiongeze shinikizo ili kufidia, kama wengi wanavyofanya. Uvujaji nao huongezeka. Kinyume chake, kila baa moja mnayopunguza huokoa takriban asilimia 6 hadi 7 ya umeme wa kompresa, mradi mashine zisikose nguvu.

SWALI: Mtandao ukikatika, grafu inabaki na mapengo. Tufanyeje?

JIBU: Hifadhini namba ya jumla ya kWh (uniti za umeme) inayopanda ndani ya mita, msitegemee kilowati za papo hapo pekee. Mtandao ukirudi, toeni namba ya kabla kwenye ya baada: matumizi ya kipindi chote yatapatikana, hata kama hamtajua yalitokea saa ngapi.