Maswali yenu ya karakana ya vipuri vya ndege: fuata gurudumu, usimfuate fundi

Wiki iliyopita niligusia kazi za shopu ya magurudumu na breki za ndege, maswali yakaja mengi kweli, nimechukua matano ambayo naona yanawagusa wengi, wa Dar, wa uwanja wa ndege wa Wilson pale Nairobi, na ndugu zetu walioko Dubai.

Bosi analalamika gurudumu moja linakaa shopu siku tisa, anataka kuongeza mafundi wawili. Itasaidia?

Kaka, kabla hajaajiri mtu muombe akuruhusu ufuate gurudumu moja tu toka linapoingia mlangoni mpaka linatoka. Chukua daftari na saa. Likioshwa andika muda, likisogezwa pembeni andika, na kila linapolala andika linasubiri nini. Mimi nilifanya hivyo shopu niliyokuwa zamani, nikakuta kazi yenyewe ya mikono, yaani kutoa upepo, kufungua bolti, kuosha beringi, kupima nyufa za rimu kwa mashine, kupaka grisi na kufunga, yote haijazi hata siku moja, siku zingine zote gurudumu limekaa tu linasubiri oringi, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, zilizoisha stoo, au linasubiri mpima nyufa anayekuja Jumanne na Ijumaa, au sahihi ya inspekta. Sasa ukileta mafundi wawili hapo umeongeza nini? Foleni kwa mpima nyufa yule yule.

Anza na trei. Kila gurudumu liwe na trei yake ya spea zote zinazohitajika, na trei isipokamilika gurudumu halifunguliwi. Watu watasema unachelewesha kazi, waache waseme, maana rimu ya ndege ni nusu mbili zilizofungwa kwa bolti, ikishafunguliwa nusu hizo zikakaa mezani wiki nzima ndipo bolti zinapopotea na beringi za hili zinaishia kwenye lile.

Halafu angalia usiku wako. Tairi jipya likijazwa naitrojeni linatanuka na presha inashuka, kwa hiyo linaachwa kwa muda wa saa 12 au zaidi ndio lijazwe tena na kuangaliwa kama linavuja, na kawaida halitakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 5 kwa saa 24. Muda huo huukwepi. Sisi tulikuwa tunafungua leo tunafunga kesho asubuhi, usiku mzima ukapotea bure. Tukabadilisha, asubuhi kufungua na kuosha, alasiri kufunga na kujaza, tairi likatanuka watu wamelala nyumbani. Bila kumuongeza mtu hata mmoja.

Tumeletewa 5S, ule utaratibu wa S tano wa kupanga sehemu ya kazi, lakini wenzangu wanasema ni ya kupendezesha macho ya wageni.

Wanasema hivyo kwa sababu wameona rangi za sakafuni tu. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, maneno haya hospitali zetu Tanzania wanayajua miaka mingi, Rufaa Mbeya walikuwa wa mwanzo mwanzo kabisa. Kwetu sisi kitu kikubwa ni ubao wa vifaa, kila spana ina mchoro wake, jioni ukiona mchoro mtupu hakuna kinachotoka shopu mpaka kifaa kipatikane. Kuna siku tulitafuta soketi ndogo ya robo inchi zaidi ya saa mbili, ikakutwa kwenye kitovu cha rimu, imezama kwenye grisi, gurudumu limeshafungwa tagi ya kwenda kwenye ndege. Waambie wenzako hiyo habari.

Shifti ya usiku wanakuta kazi nusu nusu, sisi tunawaeleza kwa mdomo getini. Inatosha?

Haitoshi kabisa. Septemba 11, 1991, ndege ya Continental Express namba 2574 ilianguka Eagle Lake, Texas, watu wote 14 wakafa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwenye hanga (banda la matengenezo ya ndege) la Houston, shifti moja ilikuwa imefungua skrubu 47 za juu upande wa kushoto wa mkia, shifti iliyofuata haikuambiwa ikashughulikia upande wa kulia tu, ndege ikaruka bila skrubu zile. Hakuna aliyetaka kuua mtu pale, mafundi kama mimi na wewe. Kwa hiyo ukifungua, andika kwenye jobu kadi umefungua nini, hata kama utakifunga baada ya chai, na makabidhiano yafanyike mezani, kipande chenyewe kikiwa mbele yenu wote wawili.

Naweza kuruka hatua ya manyuali, kitabu cha maelekezo cha mtengenezaji, ambayo naona haina kazi?

Hapana mdogo wangu. Muandikie mtengenezaji kupitia injinia wenu. Cha kupangua ni kusubiri na kutembea tembea katikati ya hatua, hapo una uhuru mkubwa.

Mimi ni dada wa stoo, mafundi wanakuja na bolti ya zamani wanasema nipe kama hii. Nifanyeje?

Dada, mwambie alete namba kutoka kwenye katalogi, la sivyo hutoi. Juni 1990 kioo cha mbele cha ndege ya British Airways, BAC One-Eleven, kiling'oka angani, rubani akavutwa nje nusu mwili, wenzake wakamshikilia mpaka ndege ikatua Southampton, akapona. Kioo kilifungwa Birmingham kwa bolti 90, na 84 kati ya hizo zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti ni milimita 0.66 tu, jicho halioni. Na mtu wa stoo usiku ule alimtajia fundi namba sahihi, 8D, lakini fundi akaenda stoo nyingine isiyo na mtu, mwanga hafifu, akalinganisha kwa macho akabeba 8C. Yaani wa stoo alikuwa sahihi. Kwa hiyo mwambie bosi wako anunue taa nzuri, kila droo iwe na namba kubwa inayosomeka, na funguo ya stoo ibaki kwako.