Maswali ya Bustani: Mbegu za hoho mbona hazitoki?

Shikamoo mama. Nilichukua hoho kubwa ya kijani, nikatoa mbegu, nikazianika juani, nikapanda kwenye kopo na namwagia maji asubuhi na jioni bila kukosa. Wiki ya tatu hii hakuna hata moja iliyochungulia, wakati nyanya nilizopanda siku hiyohiyo zimeshatoka zote. Shida iko wapi?

Marahaba mwanangu. Shida inaanzia kwenye hiyo hoho yenyewe. Hoho ya kijani kwa kawaida ni hoho ambayo haijaiva, imechumwa kwa sababu imeshafikia ukubwa wa kuliwa ila mbegu zake ndani bado changa, ndo maana ukizianika nyingi zinasinyaa zinabaki vijikaratasi. Ukitaka mbegu subiri hoho iivie mtini mpaka ibadilike rangi yote, nyekundu au njano au rangi yoyote ambayo ndo rangi yake ya mwisho, hapo mbegu utazikuta zimejaa na ni ngumu. Zikaushe kivulini penye hewa, jua kali linaua mbegu. Halafu ujue hoho nyingi za kununua zimetokana na mbegu chotara, mbegu zake zitaota sawa lakini watoto hawatafanana na mama, mmoja atazaa makubwa mwingine vidogo virefu. Mimi kwa anayeanza nasema nunua pakiti, angalia tarehe maana mbegu za hoho zikizidi miaka miwili mitatu nguvu inaanza kushuka.

Jambo la pili, na hili ndo kubwa kuliko yote, hoho inataka joto la udongo, narudia, la udongo, kuliko hata nyanya. Udongo ukiwa na digrii 25 hadi 30 hivi mbegu zinatoka ndani ya wiki moja hadi mbili, ukishuka chini ya 20 zinajivuta wiki tatu na zaidi, na chini ya 15 nyingi zinaozea humohumo. Sasa wewe unamwagia mara mbili kwa siku, maji yanapoza udongo na yanafukuza hewa, kwa hiyo hata ile mbegu nzima ulikuwa unaizamisha. Udongo uwe na unyevu tu, ukiukamata mkononi ushikane bila kutoa maji. Panda kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, funika kopo kwa nailoni, weka mahali penye joto ila sio kwenye jua la moja kwa moja kwa sababu chini ya nailoni zitachemka, na zikianza tu kutoka ondoa hiyo nailoni siku hiyohiyo na uzisogeze kwenye mwanga wa kutosha, la sivyo zinarefuka na kulala.

Kama huziamini mbegu zako zipime kwanza. Zipange 10 kwenye tishu yenye unyevu, kunja, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka penye joto. Baada ya wiki mbili hesabu zilizochipua, zikiwa chini ya nusu tafuta nyingine usipoteze muda.

Zikishatoka adui ni kinyausi, ule ugonjwa wa miche kukatika shingoni na kulala chini, ni fangasi wa kwenye udongo na wanapenda unyevu mwingi na msongamano. Tumia udongo mpya unaopitisha maji, punguza miche ikibanana, mwagilia asubuhi. Usiwe na haraka ya kuhamisha, subiri majani halisi manne hadi sita, hiyo ni kama wiki sita hadi nane toka kupanda, na wiki ya mwisho izoeshe jua kidogokidogo. Hamisha jioni, mche na mche upishane kama sentimita 45.

Mama, nimepanda hoho karibu na pilipili kali, jirani ananiambia hoho zangu zitakuwa kali. Ni kweli?

Hapana, kula bila wasiwasi. Hata nyuki akichanganya chavua, nyama ya hoho unayochuma msimu huu inafuata mmea mama. Mabadiliko yako ndani ya mbegu, kwa hiyo ukizitunza ukazipanda mwakani ndo unaweza kukuta hoho inayowasha. Kama unataka kutunza mbegu, vika ua mfuko mwepesi wa kitambaa kabla halijafunguka, litajichavusha lenyewe, ukitikisatikisa tawi inasaidia.

Miche yangu ni mirefu, majani yamekolea kijani hata wapita njia wanasifia, ila maua yanadondoka yote. Na vile viwili vilivyoshika vimeoza kitako, peusi kabisa. Nipulizie dawa gani?

Usipulizie kitu bado. Majani yakikolea hivyo bila matunda mara nyingi naitrojeni imezidi, yaani samadi nyingi au mbolea ya kukuzia imeendelea kuwekwa hata baada ya maua kuanza. Acha hiyo, weka mboji iliyoiva au majivu kidogo tu. Joto nalo linaangusha maua, mchana ukipita digrii 32 au usiku ukibaki juu ya 24 hoho inatupa maua, na usiku wa chini ya 15 vilevile. Hapo unachoweza ni kivuli chepesi saa za jua kali, hali ikitulia maua mapya yatashika.

Hicho kitako cheusi watu wanakimbilia dawa ya fangasi na haisaidii maana chanzo sio fangasi. Tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu ipo kwenye udongo, ila inasafiri na maji, sasa ukikausha siku tatu halafu ukafurika inashindwa kufika mwisho wa tunda. Wanaosema weka maganda ya mayai, sawa weka, lakini yanaoza taratibu sana hayataokoa tunda la mwezi huu. Kinachookoa ni maji ya kiasi kilekile na matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita tano hivi, yasiguse shina. Hivyo viwili vilivyooza vichume vitoke, mmea usivilishe bure, na yatakayofuata usiyachume yote yakiwa ya kijani, machache yaache mtini wiki mbili hadi nne zaidi yaive, utamu wake ni mwingine kabisa na mbegu utapata.