Ukiingia kazi ya mahakama, linda faili lako

Vijana wanaoanza ukarani katika tribinali zetu za Lubumbashi huniuliza: "Baba, tuanzie wapi?" Nami huwauliza kwanza: matrikili yako, yaani namba yako ya utumishi, umeipata? Na arete, yaani hati ya serikali iliyokuingiza kazini, nakala yake iko nyumbani kwako?

Nimetumika grefini, ofisi ya makarani wa mahakama, miaka 23. Minne ya mwanzo sikuona mshahara. Nilikuwa "nuveli inite", yaani Leta (serikali) inakutumikisha lakini orodha ya malipo haikujui. Kila asubuhi nilitoka mtaani Katuba kwa miguu, nikanakili hukumu mpaka jioni, na chakula cha watoto kilitoka kwenye shamba la mama yao. Barua zangu za madai nilimpa yeyote aliyesafiri kwenda Kinshasa, bila kubaki na nakala hata moja.

Siku orodha ilipobandikwa mlangoni nilipitisha kidole jina kwa jina. Langu nililikuta, ila herufi moja imekosewa na tarakimu mbili za matrikili zimegeuzwa. Mlipaji akasema, "Huyu si wewe." Sikuwa na karatasi ya kumjibu. Kurekebisha ile herufi kulinila miezi saba. Tangu hapo kila barua naipeleka na nakala ya pili, ipigwe mhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi mbele ya macho yangu.

Jambo jingine: makarani wengi wanadhani tunaongozwa na sheria ya mahakimu. Hapana. Mahakimu wana sheria yao ya mwaka 2006 na Baraza lao Kuu. Sisi ni watumishi wa Leta, tuko chini ya sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1981. Itafute uisome. Adhabu zimepangwa humo kwa ngazi: karipio, kukatwa theluthi ya mshahara, kusimamishwa kwa muda, mwisho kufukuzwa. Mkuu wa tribinali akikasirika asubuhi hawezi kukufukuza jioni.

Lakini akikuandikia barua ya kudai maelezo, jibu. Usiende kupiga magoti ofisini kwake, usitume shemeji akuombee, na usikae kimya, maana kimya chako kitasomwa kama kukubali kosa. Andika siku, saa, nani alikuwepo, uliacha nini na mikononi mwa nani. Matusi yaache.

Kijana mmoja tuliyekaa naye meza moja alishutumiwa kupoteza rejista ya kesi za madai. Alijibu kwa mistari sita tu, akaambatisha ukurasa wa makabidhiano wenye sahihi ya aliyeipokea rejista. Shauri likafungwa. Ukurasa ule alikuwa ameupiga fotokopi kwa pesa yake mwenyewe, kwenye kibanda kilicho mbele ya lango, siku ileile aliyokabidhi.